Mgonjwa wa Kitanda cha Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, kazini, au mmejinyoosha tu mnapumzisha miguu, karibuni. Ongezeni sauti kidogo. Tunayemkumbuka leo hakuwa mtu wa kupaza sauti.

Tunamkumbuka mkunga. Tunamkumbuka mwalimu wa wakunga. Tunamkumbuka mwandishi wa kitabu kimoja tu, kitabu cha chuo, ambacho hakuwahi kuuza hata nakala yake moja. Wanafunzi wake walimwita Bi Shuka. Jina hilo lilizaliwa darasani, na mtasikia lilivyozaliwa. Mwenyewe alijifanya halijui. Lakini siku moja mwanafunzi alijisahau akamwamkia, "Shikamoo, Bi Shuka." Akaitika, "Marahaba," akapita zake, na wenzake wakabaki wameziba midomo kwa viganja.

Bi Shuka ametutoka. Tulimzika wiki iliyopita. Na leo, wasikilizaji wapendwa, nataka tuanzie nyumbani kwake, kwa sababu kila aliyewahi kufika pale anakumbuka kitu kile kile. Anakumbuka madirisha.

Nyumba ya Bi Shuka haikuwa na dirisha lililofungwa. Mvua ikinyesha, wazi. Vumbi likitimka, wazi. Kila pazia lilikuwa na doa la maji upande wa chini. Komeo la dirisha la chumbani lilishika kutu mpaka likawa kitu kimoja na fremu yake. Na upepo ukija, dirisha lile liligonga ukutani, ko, ko, ko. Bi Shuka aliacha alichokuwa anafanya, hata kama ni kula, akageuza uso kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Akasubiri. Kisha akaendelea kula.

Aliishi na binti mmoja aliyemlea tangu siku ya kwanza ya uhai wake. Binti huyo sasa ni mtu mzima, na kazi yake ni kuchora mabango ya maduka. Amekubali kuzungumza na kipindi hiki, nasi tunamshukuru.

"Utotoni nilidhani sisi hatuna uwezo wa kununua makomeo," anasema. "Majirani walituita watu wa kiotani. Namwambia, Mama Mkubwa, tufunge basi, meno yanagongana. Ananiletea sweta. Nikilalamika tena, ananiletea la pili. Ningeweza kuvaa kabati zima, dirisha hafungi."

Alimwita Mama Mkubwa kwa sababu Bi Shuka alikuwa dada mkubwa wa mama yake mzazi. Mama mzazi alifariki siku ile ile aliyomzaa. Baba alikuwa amekwenda mbali kutafuta kazi, na huko akapotelea. Hayo yote binti aliyajua mapema. Ila jinsi mama yake alivyofariki, hakujua. Bi Shuka alilikalia jambo hilo kimya kwa miaka mingi. Sisi leo tunalisema kwa sababu binti ametwambia tuseme.

Siku hiyo Bi Shuka alikuwa msichana mwenye kofia mpya ya ukunga, zamu yake mchana. Mdogo wake aliletwa wodini pale pale alipofanya kazi. Akajifungua salama. Mtoto wa kike, mwenye sauti ya kutosha mtaa mzima. Mama akaomba kitanda cha dirishani. "Dada, niweke pale nione watu wanavyopita." Alikuwa mcheshi sana, huyu mdogo mtu. Alimtazama mtoto kwa muda, akasema, "Kachukua pua ya baba yake, maskini. Basi tumfundishe adabu nzuri, watu wasiitazame pua."

Wakacheka wote wawili. Miaka mingi baadaye, Bi Shuka alimwambia mkutubi wa chuo alikofundisha kwamba kicheko kile ndicho kilichomdanganya. Mtu anayecheka hivyo utamwogopea nini?

Jua lilipoanza kuinama, mdogo wake akasema, "Dada, nasikia baridi."

Bi Shuka akatazama kitambaa cha mbele, kile cha kukinga damu. Kikavu. Akatazama uso. Unatabasamu. Akatazama dirisha. Liko wazi, na upepo unaingia. Akalifunga. Akaleta blanketi la pili, akamfunika mpaka kidevuni, akampapasa shavu. Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine, kwa sababu yule mwingine alikuwa anapiga kelele. Mdogo wake hakupiga kelele.

Wasikilizaji wapendwa, damu ilikuwa inapitia nyuma. Mji wa mimba ulikuwa umelegea badala ya kukaza, na damu ikawa inashuka chini ya kiuno, inaingia godoroni taratibu. Mbele, ambako macho hutazama, palikuwa pakavu. Ingetosha kuinua shuka na kupitisha mkono chini ya kiuno. Mkono ungerudi umelowa, na bado kulikuwa na wakati.

Bi Shuka aliporudi, mdogo wake alikuwa ameelekeza uso dirishani, kama anayetazama watu wanavyopita. Dirisha lilikuwa limefungwa. Yeye ndiye aliyelifunga.

Hakuna aliyemlaumu. Wakubwa wake walisema hutokea. Wazazi wake walisema ni amri ya Mungu. Yeye alimchukua mtoto, akampeleka nyumbani, akafungua madirisha yote.

Baadaye alisoma zaidi, akawa mwalimu katika chuo cha wakunga. Na huko ndiko jina lilikozaliwa. Somo lake la kwanza kwa kila kundi jipya lilikuwa swali. "Mgonjwa amejifungua, yuko vizuri, anakwambia anasikia baridi. Utafanya nini?"

Kila mwaka alipatikana mwenye haraka. "Nitamletea blanketi, Mwalimu."

"Na wewe?"

"Nitafunga dirisha, Mwalimu."

Hapo sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Dirisha liache. Dirisha halijajifungua. Inua shuka. Pitisha mkono chini ya kiuno. Kisha uniambie mkono wako umerudi na nini."

Inua shuka, inua shuka. Ikawa wimbo wa chuo. Mwanafunzi akiegemea meza na kusema ana njaa, wenzake wanamjibu, "Inua shuka!" Mpishi wa bwenini akiulizwa leo kuna nini, anafunua sufuria na kusema, "Haya, inueni shuka." Ndipo mwalimu akawa Bi Shuka. Alicheka nao. Mkutubi anasema alicheka mpaka mabega yakatikisika, lakini macho yalikwenda dirishani.

Mkutubi huyu ndiye rafiki yake wa karibu chuoni, na sehemu kubwa ya habari hizi tumezipata kwake. Anasema chuo kilikuwa na kitabu kimoja kizuri cha ukunga. Kimoja. Kilitoka mbali na bei yake ilikuwa ya kutisha, kwa hiyo kilikaa kabatini, kabati likakaa limefungwa, na ufunguo ukakaa shingoni mwa mkutubi. Wanafunzi walikisoma kwa zamu, wamesimama.

Siku moja Bi Shuka alikiomba ili atayarishe somo la damu inayovuja baada ya kujifungua. Akafungua. Sura hiyo haikuwepo. Kurasa zake zote zilikuwa zimekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono.

"Nikataka kuitisha gwaride," mkutubi anasema. "Nikataka tupekue mabweni. Yeye aliketi tu, anapitisha kidole pale palipokatwa. Akaniambia, Aliyekata si mwizi wa kawaida. Angetaka pesa angebeba kitabu kizima. Huyu alitaka kujua. Ila sasa anajua peke yake."

Sura ile ile, wasikilizaji wapendwa. Kati ya zote, ile. Bi Shuka alirudi nyumbani jioni hiyo na kumwambia binti kwamba mtu fulani anamfuata tangu zamani, na leo amemkuta maktaba. Binti alicheka, akadhani ni mdai.

Ndipo akaanza kuandika kitabu chake. Aliandika asubuhi kabla ya vipindi, aliandika likizo, aliandika kwa maneno ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyaelewa bila kamusi. Kilipokamilika, mkuu wa chuo alimwita. Alikuwa mtu mwema, lakini mtu wa hesabu.

"Mwalimu, nimesikia unataka kukitoa bure."

"Ndiyo, Mkuu."

"Miaka yote hiyo unaandika, halafu unakigawa kama karatasi ya tangazo la mganga?"

"Mganga anapata wateja wengi, Mkuu."

Mkuu akacheka, mwisho wake akaridhia. Kitabu kikawekwa kwenye tovuti ya chuo, chini ya leseni huria. Leseni huria, kwa asiyejua, ni mwandishi kutoa ruhusa mapema, mbele ya dunia nzima. Ukurasa wa kwanza aliyaandika haya kwa maneno yake: "Soma. Nakili. Gawa. Badilisha kifae pale ulipo. Taja tu kilikotoka, na utakachokitengeneza, nacho kiache huru kama hiki."

Mkutubi alisita kwenye neno moja. "Badilisha? Mtu akibadilisha vibaya je?"

"Atakayekuja nyuma yake atabadilisha vizuri," akajibu Bi Shuka. Alijibu haraka. Alikuwa hajui kwamba neno hilo litamrudia.

Kitabu kikaenda. Kilipakuliwa kwenye simu, kikachapwa vibandani, kikafungwa kwa uzi. Vyuo ambavyo Bi Shuka hakuwahi kuvisikia vikakifanya kitabu cha kiada. Na wengi walikipenda kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa ndani yake. Mtu huyo hakuwa na jina. Aliitwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani.

Alikuja sura ya kwanza, na ujauzito mchanga. Alirudi sura ya pili, anatapika na kutania wauguzi. Kila sura alikuja, na kila sura mwanafunzi alijifunza jambo kupitia kwake. Sura ya saba, baada ya kujifungua, alisema anasikia baridi. Muuguzi alifunga dirisha. Mgonjwa akafa. Bi Shuka aliandika kila hatua ya kufa kwake: midomo inavyopauka, mapigo yanavyokimbia na kupotea, mikono inavyopoa kuanzia vidoleni. Hakuacha kitu. Wanafunzi walilia juu ya sura hiyo. Kila mwaka yupo aliyenyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, kwani lazima afe?"

"Alikufa," Bi Shuka alisema. "Tuendelee."

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Asubuhi moja mkutubi aliona kwamba kitabu kimetoka upya, kwenye tovuti ya chuo kingine, cha mbali. Kimetajwa kilikotoka, kama ilivyotakiwa. Kimeachwa huru, kama ilivyotakiwa. Na kimebadilishwa. Akafungua sura ya saba. Kisha akatoka mbio kwenda kumwita Bi Shuka.

Bi Shuka alisoma amesimama. Mgonjwa anasema anasikia baridi. Muuguzi haendi dirishani. Anainua shuka. Anapitisha mkono chini ya kiuno, mkono unarudi umelowa. Anapiga kelele kuita wenzake. Anakanda mji wa mimba juu ya tumbo mpaka unakaza kama ngumi. Sindano inachomwa. Dripu inatundikwa. Rangi inarudi midomoni. Na sura ya nane, ambayo katika kitabu cha Bi Shuka ilianza bila yule mgonjwa, hapa ilianza naye. Ameketi kitandani, ananyonyesha, anatazama nje. Anasema, "Funikeni vizuri huyo mtoto, msije mkamletea mafua bure."

Mkutubi anasema hajawahi kumwona mtu mzima akigeuka hivyo. "Alikunja uso, akaniambia, Wamemchukua. Nikamuuliza, nani? Akasema, Hawana haki. Nikamwambia kwa upole, Mwalimu, haki uliwapa wewe, ukurasa wa kwanza."

Akadai namba ya simu ya mwalimu aliyebadilisha. Ikapatikana. Simu ikawekwa mezani maktaba, sauti ikatoka nje, na mkutubi akasikia yote. Alikuwa mwanamke, na mtoto alikuwa analia kwa mbali nyuma yake.

"Hujambo, mwenzangu. Ni mimi, mwandishi wa kitabu."

"Sijambo. Shikamoo, Mwalimu. Siamini kama ni wewe. Kitabu chako tunacho hapa kama chumvi."

"Marahaba. Nimeona ulichofanya sura ya saba."

"Umeonaje?"

"Nimeona umesema uongo. Yule mgonjwa alikufa."

Yule mwalimu akasema, "Nisamehe nikikwambia jambo. Wanafunzi wangu waliipenda sura ile mpaka wakaijua kwa moyo. Mwaka jana walikuwa wodini, mama akaanza kuvuja. Waliinua shuka, Mwalimu. Waliona damu. Wakasimama. Mmoja anamtazama midomo, mmoja anamshika vidole. Nilipoingia niliwakuta wanasubiri. Walijua kila kitu kuhusu namna anavyokufa. Hapakuwa na ukurasa unaosema anavyopona."

"Huyo mama?"

"Nilimwahi. Yuko hai. Mtoto unayemsikia hapa ndiye wake, mama yake anauza maandazi langoni petu, ananiachia nimshike akipata wateja." Akacheka kidogo, kwa woga. "Mwalimu, upo?"

Bi Shuka alikuwepo. Alikuwa anatazama dirisha la maktaba. Mwisho alisema, "Mkande mtoto mgongoni, anasumbuliwa na tumbo. Sauti hiyo ni ya tumbo." Akakata simu.

Wasikilizaji wapendwa, hebu tukae naye kidogo katika siku zile. Alipigana na jambo lililompata, akaandika kitabu ili lisimpate mtu mwingine. Na katika kitabu kile kile alisahau kuandika uokozi. Uokozi aliufundisha kwa mdomo, darasani kwake, kila mwaka. Lakini kitabu kilikuwa kimekwenda mahali ambako mdomo wake haukufika. Huko kiliwafundisha vijana kumtazama mdogo wake akifa, tena na tena, kama alivyomtazama yeye.

Na kuanzia hapo, mgonjwa yule alizidi kuwa wengi. Nakala nyingine zilitokea. Kila mwenye kitabu alikuwa na ruhusa, na ruhusa ilitumika. Mkutubi alimletea habari kila mara, kwa utani wa kumchangamsha. "Mwalimu, mgonjwa wako kajifungua mapacha huko." "Mwalimu, leo wamemchora, ana mwanya." Bi Shuka alishtuka kwa hilo la mwanya. Mdogo wake alikuwa na mwanya. Hakuwa ameuandika popote.

Alimwambia binti maneno haya, na binti anayakumbuka: "Nina mtu mmoja aliyekufa mara moja. Sasa yuko hai kwa watu nisiowajua. Wanamwona anaamka, anakula, anaongea. Kwangu mimi tu ndiyo bado amelala."

"Mtu gani, Mama Mkubwa?"

Dirisha liligonga. Bi Shuka akageuka kulitazama.

Yaliyokuwa mbele yake yalikuwa mawili, na yalikuwa jambo moja. Aandike toleo jipya, sura ya saba iwe na uokozi. Lakini uokozi unahitaji picha, mkono uonekane unavyopita, kiganja kikitazama juu au chini, vidole vinafika wapi. Na mchoraji aliyemwamini kwa picha hiyo alikuwa mmoja tu, na alikuwa anaishi naye: binti asiyejua mama yake alivyofariki.

Alimwomba siku ya Jumapili, wamemaliza kuosha vyombo. Binti akakubali, akachukua penseli. Lakini alishindwa kuelewa mkono unapita vipi. "Nionyeshe, Mama Mkubwa. Mimi nalala, wewe kuwa muuguzi." Akajitupa kitandani kwa Bi Shuka, kitanda kilichokuwa chini ya dirisha, akajifunika shuka, akaanza mzaha. "Nesi, nesi, nasikia baridi mimi."

Binti anasema alipotazama juu, alimwona Mama Mkubwa amesimama katikati ya chumba na hasogei. Alifikiri anaumwa. Kisha akaja. Akainua shuka. Akapitisha mkono chini ya kiuno chake, polepole, kiganja juu, mpaka upande wa pili. Mkono ukakaa hapo.

"Mama yako alilala hivi," akasema.

Binti akaacha mzaha.

"Upande huu huu. Kichwa huku. Alikuwa anatania, kama wewe. Akasema anasikia baridi."

"Nani alikuwa zamu?"

"Mimi."

Wasikilizaji wapendwa, nilimuuliza binti huyu alihisi nini. Akasema alitazama dari. Akasema alisikia dirisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijua linasema nini. Maswali yote ya utotoni, masweta yote, mapazia yenye doa, yalikuja kwa pamoja yakaketi chumbani. Na chini ya mgongo wake alisikia mkono wa Mama Mkubwa unaanza kujiondoa.

"Usiutoe," akamwambia. "Bado sijaona vizuri unavyokaa."

Ukarudi. Ukakaa. Na binti akiwa amelala hivyo hivyo, akaegemeza karatasi juu ya tumbo, akaanza kuchora.

Picha hiyo mnaweza kuiona leo. Iko huru, kama kitabu. Inaonyesha mkono tu, na kiuno tu, na kipembe cha shuka. Hakuna uso.

Toleo jipya lilipotoka, mkutubi alimpigia simu akiwa na wasiwasi. "Mwalimu, kuna makosa ya uchapaji. Kuna sura ya saba mbili."

"Najua."

"Zifuatane hivyo hivyo?"

"Zifuatane."

Katika ya kwanza, mgonjwa anakufa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na Bi Shuka hakutaka kumfanyia marehemu uongo. Chini ya mstari wa mwisho aliongeza sentensi tatu. "Muuguzi huyu ni mimi. Mgonjwa ni mdogo wangu. Sasa rudi mwanzo wa sura, na safari hii usifunge dirisha." Kisha inakuja sura ya saba ya pili. Maneno yake yale yale, mpaka kwenye baridi. Kuanzia hapo ni uokozi, hatua kwa hatua, nyingi zimetoka kwa yule mwalimu wa mbali, na jina lake limetajwa kama leseni inavyotaka. Bi Shuka alikuwa amekopa kutoka kitabu kilichokopa kwake.

Je, alipata amani? Ningependa kuwaambia ndiyo. Binti anasema madirisha yalibaki wazi. Komeo lilibaki na kutu. Lakini anasema walianza kumzungumzia mama yake mezani, na mara nyingine dirisha likigonga, Bi Shuka alisema tu, "Karibu," akaendelea kula.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka huu. Alilazwa katika hospitali ambako hakuna aliyemjua kwa sura. Alipewa kitanda cha dirishani, bila kukiomba. Binti aliona anavyokitazama, akataka kwenda kuomba abadilishiwe. Bi Shuka akamshika kanga. "Kaa. Niache nione watu wanavyopita."

Mchana wa mwisho, upepo ulikuwa unaingia. Aliyekuwa zamu alikuwa mwanafunzi, msichana mwenye kofia mpya. Bi Shuka akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nasikia baridi."

Binti aliinuka kuchukua blanketi. Yule msichana alimtangulia. Hakwenda dirishani. Alishika mapigo, akatazama midomo. Kisha, wasikilizaji wapendwa, akainua shuka, akapitisha mkono chini ya kiuno cha mwanamke mzee, kiganja juu, mpaka upande wa pili. Akautoa, akautazama. Mkavu.

"Pakavu, Bibi," akasema. "Samahani kukusumbua. Tumefundishwa hivyo."

"Na nani?"

Msichana alifikiri kidogo. "Na mwalimu wangu. Naye alitoa kwenye kitabu. Kina mgonjwa mmoja hivi, yuko dirishani."

"Anakufa?"

"Anakufa, Bibi. Halafu hafi."

Bi Shuka alimtazama sana yule msichana. Kisha akasema neno ambalo binti yake hakuwahi kulisikia kutoka kwake, mvua wala jua, tangu alipopata akili.

"Haya. Sasa funga dirisha."

Msichana akalifunga. Chumba kikawa kimya. Bi Shuka alifariki kabla ya jioni, amefunikwa mpaka kidevuni, na binti yake amemshika mkono.

Kwa binti yake, mchora mabango, tunasema pole sana, na pole hii inatoka kwetu sote tuliokusikiliza. Pole kwa mkutubi, ambaye kabati lake siku hizi halina kufuli. Pole kwa chuo, kwa mkuu, kwa mpishi wa bwenini. Pole kwa yule mwalimu wa mbali, aliyethubutu kumwamsha mgonjwa wa mwenzake. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Kuna jambo gani tumelijua kwa gharama kubwa, na tumelifungia mahali, ufunguo shingoni? Nani anasimama wodini, darasani, karakanani, anasubiri ukurasa ambao sisi tunao? Tuutoe. Tumruhusu aubadilishe. Huenda akaandika mwisho ambao sisi hatukuuona.

Nyumbani kwa Bi Shuka, binti ameniambia, madirisha bado yako wazi. Alijaribu kulifunga lile la chumbani baada ya mazishi, komeo halikusogea. Usiku huu, upepo ukija, litagonga. Naye atageuka.

Na wewe unayenisikiliza, kama leo umekaa kando ya kitanda cha mtu, naye akakwambia anasikia baridi, tafadhali, dirisha liache kwanza.

Inua shuka.